Geti langu Kigamboni na rangi ya unga, uzoefu wangu

Nakaa Kigamboni, toka kwangu mpaka baharini ni dakika 10 kwa mguu, na anayekaa huku anajua chumvi inavyokula chuma. Kila mwaka ni rangi ya mafuta, tina, msasa, kumlipa kijana apake geti na grili za madirisha, masika yakiisha tu kutu ishachungulia kwenye maungio. Nikachoka kabisa.

Nikaanza na grili za mbele, nikapeleka zipigwe pauda koting, yaani hiyo rangi ya unga mkavu inayopulizwa halafu inaokwa. Karakana ile ya kwanza iliniangusha. Walizifuta na tina tu wakapuliza unga juu ya kutu, zikatoka zinang'aa nikafurahi kweli, miezi 8 haijaisha rangi ikavimba ikaanza kubanduka vipande kama ganda la yai. Iliniuma jamani, hela yenyewe ya kudunduliza.

Geti nikapeleka kwingine, na safari hii nilikaa palepale kutwa naangalia. Walilipiga mchanga kwa presha ya upepo mpaka chuma kikawa cheupe, wakaweka praima ya zinki, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, ndo ukaja unga wenyewe. Unatoka kwenye bunduki ukiwa na chaji ya umeme na chuma kimeunganishwa na ethi (waya wa ardhini), kwa hiyo unavutwa unang'ang'ania mpaka nyuma ya nondo ambako brashi haifiki. Halafu oveni, nyuzi 200 hivi, unga unayeyuka unakuwa ngozi moja haina michirizi wala alama za brashi. Harufu ya tina hakuna, na lilipopoa tu tukalipakia kwenye kenta tukaondoka, sio mambo ya kusubiri likauke siku mbili.

Vitu vya nje omba unga wa aina ya poliesta, ule wa epoksi jua linaupausha unatoa vumbi jeupe. Na pima oveni yao kwanza, geti langu lilipita kwa sababu ni milango miwili. Kuchomelea kote kuishe kabla! Mimi bawaba moja ilichomelewa baadaye, moto ukaunguza rangi, na pale tu ndo pana kutu mpaka leo, sehemu nyingine zote safi.

Bei nililipa karibu mara tatu ya kupaka kawaida, ila huu mwaka wa tatu sijagusa brashi, nafuta na kitambaa chenye maji ya sabuni basi. Wiki ijayo nazishusha zile grili za mbele, zinaenda kupigwa mchanga upya kwa hawa hawa wa geti.