Hifadhi ya mtandaoni kwa walimu wa Nairobi: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Kabla ya kuuliza ni GB ngapi, uliza akaunti ni ya nani. Mwalimu akihamishwa na TSC (Tume ya Huduma ya Walimu), maazimio ya kazi na alama zilizo kwenye akaunti yake binafsi huondoka naye.

Ndiyo maana ya kwanza ni Google Workspace for Education. Toleo la Fundamentals ni bure kwa shule zinazokubaliwa, na shule nzima hugawana TB 100. Mnahitaji anwani ya shule, kama ile ya .sc.ke, na mtu mmoja wa kusimamia akaunti. Faili za idara ziwekwe kwenye hifadhi ya pamoja, ambako mwenye mali ni shule.

Ya pili, Google Drive ya kawaida: GB 15 za bure. Nafasi hiyo lakini inaliwa pia na Gmail, picha na nakala za WhatsApp za simu ya Android. Ikijaa, hata barua pepe haziingii. Fungua akaunti ya kazi peke yake kwanza; ikikubana ndipo ulipie GB 100. Marekani ni dola 1.99 kwa mwezi, na hapa duka la Google Play hupokea M-Pesa.

OneDrive ya Microsoft ni ya tatu. Inamfaa anayeshinda kwenye Word na Excel, ila bure ni GB 5 tu. Windows hupenda kupandisha yenyewe nyaraka, picha na kila kilicho kwenye skrini ya mwanzo (desktop). Ukiwasha hotspoti asubuhi, bando limekwisha kabla ya somo la pili. Zima uhifadhi huo wa folda, kisha kwenye mipangilio ya Wi-Fi iambie Windows kwamba hotspoti yako hulipiwa kwa kipimo. OneDrive itasimama yenyewe.

Ya nne, Dropbox: hutuma sehemu iliyobadilika tu ya faili, na laptopu zilizo kwenye Wi-Fi moja hupeana faili bila kuzipakua tena mtandaoni. Ni raha kwa chumba cha walimu, lakini bure ni GB 2 na vifaa 3. Ya mwisho, MEGA, hutoa GB 20, ila ukisahau nenosiri na hukuweka ufunguo wa kurejesha, faili hazirudi.

Yoyote utakayochagua, kiungo cha wanafunzi kiwe cha kusoma tu. Mtihani usikae kwenye folda ambayo tayari ina kiungo cha wazi, kwa sababu faili mpya hurithi ruhusa za folda. Orodha za majina na alama zifunguliwe kwa watu mliowataja tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Video ya MB 100 kwa darasa la wanafunzi 40 ni GB 4 za bando la wazazi, basi punguza ubora wake hadi 360p kabla ya kuipandisha.

Kusawazisha (sync) si kuweka akiba: ukifuta kwenye simu, kwenye laptopu pia imefutika, na pipa la Drive hutupwa baada ya siku 30. Nunua diski ya nje, nakili kila mwisho wa muhula. Ukiichukua kwenye maduka ya Luthuli, dai risiti, kisha ijaze mpaka pomoni na ufungue faili za mwisho mwisho. Diski bandia hukubali kila kitu, halafu faili hizo hazifunguki.