Great Allegheny Passage kwa baiskeli: reli iliyokufa, njia iliyo hai

Kama unaishi pande za Maryland, Virginia, DC au Pennsylvania na baiskeli yako imekaa tu stoo, hii soma mpaka mwisho, sababu tangu nihamie Marekani sijapata kitu cha bure kizuri kama hiki. Great Allegheny Passage, wenyewe wanaiita GAP, ni njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu ya maili 150, kama kilomita 240 hivi, inatoka Cumberland, Maryland, inavuka milima ya Allegheny, alafu inashuka na mto Casselman, inaushika mto Youghiogheny na kushuka nao mpaka unakaribia Pittsburgh. Hamna gari humo ndani wala pikipiki, hamna kiingilio, hamna anayekuuliza kibali. Karibu yote ilikuwa njia ya treni.

Na hapo kwenye treni ndo penyewe. Watu wengi nikiwaambia nimevuka milima kwa baiskeli wananiangalia kama mwanariadha, sio hivyo kabisa. Treni iliyobeba makaa ya mawe haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo waliojenga kipande cha milimani, Western Maryland Railway, kilichofunguliwa 1912, walitoboa mahandaki, wakajaza mabonde udongo na wakanyanyua madaraja ili mwinuko uwe wa polepole mwanzo mwisho. Mwaka 1975 treni zikaacha kupita, reli na mataruma vikang'olewa, ila ule mwinuko wa kihandisi umebaki palepale unatusubiri sisi. Sehemu kali kuliko zote, kutoka Cumberland kupanda Frostburg, haifiki hata asilimia mbili. Nilienda na shemeji yangu, mtu aliyevuka hamsini na kazi yake ni ya kukaa kwenye kiti siku nzima, maili kumi za mwanzo ananiuliza, "Shemeji, mlima wenyewe uko wapi?" nikamwambia ndo huu uko juu yake.

Sasa kuna ubishi wa kuanzia upande gani. Wengi wanashauri uanzie Pittsburgh ili umalizie na ule mteremko wa Cumberland. Mimi sikubaliani nao. Ukianzia Cumberland unapanda maili 24 hivi ukiwa na miguu mipya, unafika kileleni, alafu zaidi ya maili 120 zilizobaki njia inaelekea chini kidogo kidogo, huioni kwa macho lakini mapaja yanaijua. Ukianzia Pittsburgh unapanda kwa maili zote hizo, polepole sana kweli, lakini unapanda. Kwa mtu anayesafiri kwa baiskeli mara ya kwanza, tena na mabegi kwenye keria, aanzie Cumberland.

Kipande hicho cha kupanda kina vitu vingi sana. Kuna handaki la Brush, humo njia ya baiskeli na reli vinapita pamoja, na reli hiyo inatumika, maana kuna treni ya watalii inayopanda Frostburg. Ukiona treni inakuja usiingie, subiri nje ipite, moshi ndani ya handaki sio wa kuchezea. Baada ya Frostburg kuna handaki la Borden, alafu unavuka mstari wa Mason na Dixon, mpaka wa Maryland na Pennsylvania ambao zamani watu walikuwa wanautaja kama mstari wa kutenganisha majimbo ya utumwa na majimbo huru. Wameuweka alama vizuri. Mimi nilisimama pale muda mrefu na sikuwa na haraka ya kuondoka.

Mbele kidogo ndo handaki la Big Savage. Kabla hujaingia geuka nyuma, utaona Maryland yote imelala chini na matuta ya milima yamepangana mpaka macho yanachoka. Handaki lenyewe lina futi 3,294, yaani kilomita nzima chini ya mlima, lina taa lakini bado beba yako, na beba koti hata kama ni Julai sababu ndani kuna baridi ya friji. Muhimu: linafungwa majira ya baridi, kuanzia katikati ya Desemba mpaka kama Aprili mwanzoni, wanafunga milango kabisa ili barafu isiharibu kuta. Usije ukapanga safari ya Krismasi.

Kama maili mbili mbele unafika kwenye mgawanyo wa maji, futi 2,392 juu ya usawa wa bahari. Tone la mvua likianguka upande ulikotoka linaenda mto Potomac na ghuba ya Chesapeake, likianguka upande wa pili linaenda mto Ohio, mto Mississippi, mpaka ghuba ya Mexico. Kuna michoro ukutani inaeleza yote hayo. Kuanzia hapo unaachia breki.

Kuna daraja la Salisbury baada ya Meyersdale, futi 1,908, unapita juu ya mto, juu ya barabara kuu na juu ya reli ambayo bado inafanya kazi, vyote kwa mkupuo. Kuna handaki la Pinkerton lililofunguliwa tena 2015, zamani watu walikuwa wanalizunguka kwa nje. Confluence ni kamji kadogo mito inapokutana, pazuri pa kulala.

Lakini moyo wangu uko kwenye kamji ka Ohiopyle. Kuanzia Confluence mpaka Connellsville, maili kama 27, mto Youghiogheny uko pembeni yako muda wote, miti imefunika juu, chini kabisa unasikia maji yanapiga mawe na watu kwenye maboti ya mpira wanapiga kelele za furaha. Madaraja mawili ya Ohiopyle yanauvuka mto kwa juu, simama pale katikati ya daraja la juu hata nusu saa. Wikendi ya kiangazi pamejaa, nenda katikati ya wiki. Ukitoka Ohiopyle kwenda Connellsville ni maili 17 hamna duka, hamna kibanda, na simu mara nyingi hamna mtandao, kwa hiyo maji ujaze na ramani uwe umeipakua kabla. Mimi binafsi kipande hiki ningekirudia kesho asubuhi.

Baada ya Connellsville mambo yanabadilika na wengi wanalalamika kwamba panachosha. Mimi nawaambia pachukulieni kwa jicho lingine. Hapo ndo palikuwa panachomwa makaa ya mawe kupata koki (coke), yaani makaa yaliyochomwa ya kuyeyushia chuma, ya viwanda vya chuma vya Pittsburgh, na mabaki ya kazi hiyo bado yapo, kuna sehemu maji yanatiririka kwenye mwamba yakiwa na rangi ya kutu kabisa kutokana na migodi ya zamani. Kwenye mji wa Homestead unapita mahali ambapo mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha tajiri Carnegie waligoma, wakapigana na walinzi wa kukodiwa wa kampuni ya Pinkerton waliokuja kwa matishari, watu wakafa. Jengo la pampu la wakati ule bado limesimama karibu na njia. Alafu unaingia mjini kwa kuvuka Hot Metal Bridge, daraja lililokuwa linapitisha chuma kilichoyeyuka, sasa linapitisha baiskeli.

Nilipokuwa nasoma yale mabango ya historia nikaikumbuka reli yetu ya kusini mwa Tanzania, ile ya mradi wa karanga wa wakati wa mkoloni, Mtwara mpaka Nachingwea, nayo iling'olewa miaka ya 60 mwanzoni. Inaniuma, sababu GAP haikuanza na pesa nyingi. Ilianza na kipande kifupi cha Ohiopyle mwaka 1986, watu wa vijiji vya pembeni wakajitolea, wakaunganisha vipande kimoja kimoja mpaka 2013 ndo ikafika Pittsburgh yote.

Mapungufu yapo. Njia nyingi ni changarawe laini ya chokaa iliyoshindiliwa, ikiwa kavu ni raha tupu, ikinyesha inakuwa uji, inakaa kwenye cheni na breki, kwa hiyo mafuta ya cheni na kitambaa ni lazima. Matairi membamba ya mashindano yaache nyumbani, chukua angalau milimita 35. Kambi za hema za pembeni ya mto nyingine ni za bure ila treni za mizigo zinapita ng'ambo ya mto usiku kucha, kama usingizi wako mwepesi beba vizibo vya masikio. Na nyumba moja ya wageni tuliyolala ilisema kwenye tangazo ina sehemu ya kufungia baiskeli, kufika tukaambiwa tuzifunge nje kwenye nguzo, mvua inanyesha. Piga simu uulize kabla hujalipa.

Kuna swali wabongo wananiuliza pembeni: sisi weusi kwenye vile vijiji vya milimani inakuaje? Kwetu ilikuwa salama na watu walikuwa wema, karibu kila mtu njiani anakusalimia na anataka kujua unatoka wapi, shemeji alipata pancha karibu na Rockwood wakasimama watu watatu kutoa msaada kabla hata hajatoa tyubu. Nasema nilichokiona.

Kurudi ni rahisi. Amtrak, kampuni ya treni za abiria, ina treni inayounganisha Pittsburgh, Connellsville, Cumberland na Washington, na baiskeli inapanda nzima bila kufunguliwa, ila nafasi za baiskeli ni chache na zinaisha, kata tiketi yako na ya baiskeli siku moja, wiki kadhaa kabla. Ukikosa, kuna magari ya kukodi ya kubeba watu na baiskeli kati ya miji hiyo, bei iko juu, mkiwa wanne mnagawana.