Mwembe na mparachichi uani kwangu: uzoefu wa miaka minane

Nyumba yetu iko upande wa chini wa Moshi, kule joto linapoanza kukaza. Kiwanja ni mita 20 kwa 25. Ukitoa nyumba, banda la mbuzi na karo la kufulia, nafasi iliyobaki ilitosha miti miwili mikubwa tu. Machi 2017, mvua za masika zilipoanza, nilipanda mwembe wa aina ya Apple nilioununua shilingi 3,000 na mparachichi wa Hass wa shilingi 5,000, yote miche ya kubebesha, yaani kikonyo cha aina unayoitaka kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine. Nilitaka miti isiyobaki mitupu kiangazi, watoto wapate kivuli mwaka mzima na tunda lisikosekane mezani. Tangu hapo watu wengi wameniuliza waanze na upi, na jibu ninalowapa leo si lile nililokuwa nawapa mwanzoni.

Mwembe haukunisumbua kabisa. Mwaka wa kwanza niliumwagilia ndoo moja mara mbili kwa wiki, mwaka wa pili mara moja, wa tatu nikaacha. Mzizi wake unakwenda chini kujitafutia. Mwaka 2019 ulitoa maua ukiwa haujanifika kifuani. Nikayakata yote. Roho iliniuma, lakini nguvu ilikwenda kwenye matawi, na Desemba 2020 tulikula maembe 14 ya kwanza: ya mviringo, ya manjano yenye wekundu begani, hayana nyuzi za kung'ang'ania menoni. Embe hili asili yake ni upande wa Malindi, na kwa kula mbichi sijaona la kulishinda. Dodo nalipenda kwa juisi.

Shida ya mwembe inakuja na maua. Julai kwetu kuna baridi na mawingu, na ndipo vikonyo vya maua vinapotoka. Mwaka 2021 niliona vimekuwa vyeupe, nikadhani ni vumbi la barabarani. Nilipopitisha kidole, unga ulibaki kwenye ngozi na maua yakapukutika mkononi. Huo ndio ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Siku hizi vikonyo vikianza tu kurefuka napulizia salfa ya kuchanganya na maji, narudia baada ya wiki mbili, na inatosha. Ukisubiri mpaka uone weupe, umechelewa.

Halafu nzi wa matunda. Huyu anayetusumbua zaidi ni mgeni kutoka Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na sasa yuko kila mahali penye maembe. Embe linaonekana zima, lina kitobo kama cha ncha ya sindano na tone la utomvu pembeni. Ukilipasua, ndani kuna funza weupe, na wakiguswa na mwanga wanaruka. Mara ya kwanza binti yangu alilitupa akalia. Dawa kubwa kuliko zote ni usafi: kila asubuhi naokota yaliyoanguka kabla funza hawajaingia ardhini, nayafungia kwenye mfuko wa mbolea wenye nailoni ndani, naufunga kwa kamba na kuuacha juani wiki nzima. Nimetundika pia mtego wenye kivutio cha methyl eugenol. Unakamata madume tu, kwa hiyo peke yake hautoshi, ila unasaidia. Yanayobaki salama tunagawana na popo.

Na yakiiva, yanaiva yote. Ndani ya wiki tatu unajaza ndoo baada ya ndoo. Jirani anapata, walimu wa watoto wanapata, tunatengeneza achari, bado mengine yanaoza chini. Mwaka unaofuata mti unapumzika: Januari 2022 nilivuna zaidi ya 200, msimu uliofuata hayakufika 40. Wenye miembe wanaijua tabia hiyo. Nimeipunguza kidogo kwa kukata matawi ya katikati mara tu baada ya mavuno, lakini haijaisha.

Sasa mparachichi. Ule wa kwanza niliuua mwenyewe, na nitaeleza jinsi nilivyouua kwa sababu naona watu wengi wanafuata njia ile ile.

Niliupanda kona ya chini ya kiwanja, karibu na karo, nikiamini unyevu ni baraka. Udongo pale ni mweusi, wa mfinyanzi. Masika ya 2018 yalikuwa makubwa, maji yakasimama siku mbili tatu kila mvua ilipokatika. Mwezi Mei majani yakapauka, yakalegea, yakaning'inia kama ya mti wenye kiu. Nikauongezea maji! Juni ulikuwa umekauka. Nilipoung'oa, ile mizizi myembamba iliyopaswa kuwa myeupe ilikuwa myeusi, inakatika kama njiti zilizoungua. Ni ugonjwa wa kuoza mizizi, wa kimelea kiitwacho Phytophthora, kinachostawi udongo ukijaa maji. Mizizi ikishaoza mti hauwezi kunywa, kwa hiyo unaonyesha kiu huku umesimama kwenye tope.

Baba mkwe alishuka kutoka Kibosho, juu mlimani, akalitazama lile shimo muda mrefu. Kule kwao kila kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, kina mparachichi juu ya migomba na kahawa, na hakuna anayeuhangaikia, maana mteremko unaondoa maji wenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, huu unapenda kunywa, lakini usiulaze kwenye maji."

Nikaanza upya mwaka 2019. Kwanza nilipata hasara nyingine: kitalu kimoja kiliniuzia "Hass" ambao nilipoufikisha nyumbani niliona kikonyo kilichobebeshwa kilikuwa kimekufa siku nyingi, na majani yote yalikuwa ya shina la chini. Niliporudi, muuzaji alikataa kunibadilishia. Tangu hapo sinunui mche kabla sijainama na kupapasa kovu la kiungo, nikahakikisha majani yanatoka juu yake. Na chipukizi lolote likitokea chini ya kiungo, mwembe au mparachichi, naling'oa siku hiyo hiyo.

Mche wa tatu niliupanda upande wa juu wa kiwanja, kwenye kituta cha udongo uliochanganywa na samadi, upana mita moja na nusu, kimo nusu mita. Juu nilitandaza majani makavu ya migomba, nikayaacha mbali na shina kiasi cha kiganja. Shina nililipaka chokaa lisiungue na jua. Jembe halifiki pale kabisa, kwa sababu mizizi inayolisha mti iko juu juu. Magugu nayang'oa kwa mkono. Januari na Februari, jua likiwaka, unahitaji ndoo mbili mbili kila baada ya siku tatu, hata sasa. Kwa maji, mwembe umeushinda mbali.

Lakini kuna asubuhi moja ya Septemba 2022 iliyonifanya niupende. Nilisimama mbele ya kitawi kimoja saa tatu hivi. Ua dogo la kijani limefunguka, katikati kijiti cha kike kinang'aa, chavua bado. Mchana likafunga. Nililifungia uzi nisilipoteze. Kesho yake alasiri likafunguka tena, safari hii ni dume, chavua tele na nyuki juu yake. Hass yote iko hivyo: jike asubuhi, dume kesho yake mchana. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, iko kinyume, jike mchana na dume kesho yake asubuhi. Ndiyo maana Hass huzaa ikiwa peke yake, lakini huzaa vizuri zaidi ikipata jirani wa aina ile nyingine.

Juni 2023 nilivuna ya kwanza, 31. Parachichi haliivi mtini. Linakomaa tu, na kuiva linaivia ndani ya nyumba. Kujua kama limekomaa nakata moja, naliweka kabatini. Likilainika bila kunyauka, na ngozi ya kokwa ikiwa ya kahawia na nyembamba kama karatasi, basi wenzake tayari. Nakata kwa mkasi na kuacha kipande kidogo cha kikonyo, kwa sababu likivutwa huoza kuanzia pale juu. Mazuri zaidi ni kwamba hayana haraka. Tangu Juni mpaka katikati ya Agosti nakata matano, sita kwa wiki, mengine yanabaki yananing'inia salama, ngozi yake ngumu. Hakuna ndoo za kugawa usiku usiku. Makande ya jioni yanapata parachichi miezi miwili na nusu mfululizo, na akina mama wawili majirani huja kuomba moja la mtoto anayeanza kula.

Kama una mbuzi, matawi ya mparachichi unayopogoa usiwape. Majani yake yana sumu kwao, hasa kwa anayenyonyesha, hujeruhi kiwele. Yangu nayakausha mbali na banda.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, kwanza nauliza mvua ikinyesha usiku, asubuhi maji yako wapi. Yakiwa bado yamesimama na huna pa kuinua kituta, panda mwembe, utakushukuru hata ukiusahau. Yakiwa yameondoka, na una maji ya kumwagilia kiangazi, anza na mparachichi. Mimi kama ningekuwa na nafasi moja tu ningeutoa mwembe. Ila usichukue Hass kwa joto la Dar au Tanga. Huko yale maparachichi makubwa ya kienyeji ya pwani yamezoea. Na aliye Njombe kwenye baridi asijisumbue na mwembe.

Jirani yangu, yule aliyepokea ndoo za maembe miaka yote hii, amekubali kupanda Fuerte upande wake wa ukuta, mita saba kutoka kwa Hass yangu. Kituta ameshakiinua, nusu mita vile vile. Mche wenyewe, tulioukagua kiungo wote wawili, uko kwangu chini ya kivuli cha mwembe unasubiri mvua.