Gusle na Fidla katika Muziki wa Jadi wa Serbia

Anayetaka kuuelewa muziki wa jadi wa Serbia hukutana na ala mbili zinazopigwa kwa uta, nazo hazisikilizwi kwa namna moja. Gusle, ambayo kwa kawaida ina uzi mmoja tu wa singa za farasi na kisanduku cha mbao kilichowambwa ngozi, ipo ili kumbeba mwimbaji: vidole huugusa uzi bila kuukandamiza kwenye shingo ya ala, sauti chache hujirudia, na juu yake guslar, yaani mpigaji wa gusle, hughani tenzi zenye mizani 10 kila mstari, zikiwemo zile za Vita vya Kosovo vya 1389. Guslar kipofu Filip Višnjić ndiye aliyemwimbia Vuk Karadžić, mkusanyaji wa tenzi za jadi za Kiserbia, baadhi ya tenzi bora zilizochapishwa katika karne ya 19.

Fidla, yenye nyuzi 4, haihitaji maneno. Hapa lahani yenyewe ndiyo inayosimulia: mpigaji huweza kuanza polepole bila kufungwa na mapigo, akiteleza kati ya noti na kuzipamba, kisha akaingia kwenye kolo, ngoma ya duara inayochezwa kwa kushikana mikono. Vlastimir Pavlović Carevac (1895–1965), aliyeongoza okestra ya muziki wa jadi ya Redio Belgrade, aliueneza mtindo huo mbali na vijiji ulikozaliwa, na uta wake, kwa sikio langu, unapendeza hasa kwa kutokuwa na haraka.

UNESCO iliorodhesha kolo kama urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017 na uimbaji wa gusle mwaka 2018. Asiyejua Kiserbia ningemshauri aanze na fidla, kwa kuwa gusle isiyoeleweka maneno yake hupoteza sehemu kubwa ya utamu.