Merriweather Post Pavilion ya Animal Collective: tafuta sabufa kwanza

Hii albamu inataka sabufa. Ukiicheza kwa spika ya simu utasikia mchuruziko wa maji na watu wawili wakipokezana kuimba, basi, bando limeondoka. Animal Collective, kundi la Marekani lenye asili ya Baltimore, waliirekodi 2008 huko Oxford, Mississippi, wakamwita Ben H. Allen, fundi aliyetokea kwenye hip hop na kufanya kazi na Gnarls Barkley, makusudi ili besi ishuke chini kabisa. Ikatoka Januari 2009. Mpiga gitaa wao, Deakin, hakushiriki safari hiyo, kwa hiyo ukiambiwa hii ni roki usisubiri magitaa: karibu kila kitu ni vipande vya sauti vilivyokatwa kwenye mashine na kurudiwarudiwa.

Mtu wa Dar hapo hashtuki. Kama umekua na singeli za Manzese na Tandale, kipande kimoja kikizungushwa mpaka akili inalegea, utawaelewa hawa jamaa kabla ya shabiki wa roki hajakaa sawa. Ila singeli inakukimbiza tangu mlangoni, hawa wanakuchelewesha. “In the Flowers” inajivuta kwa zaidi ya dakika mbili, halafu inalipuka. Ilinikuta kwenye mwendokasi wa Kimara, nimebanwa mlangoni, nikacheka peke yangu. Dada wa pembeni akasogeza pochi yake.

Wimbo wenyewe ni “My Girls”. Panda Bear, mmoja wa waimbaji wao, haombi gari wala umaarufu, anataka nyumba ya kumsitiri mkewe na bintiye. Mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo atauelewa bila mkalimani, na makofi yale yakiingia hutakaa kimya. Kwenye “Brother Sport”, unaofunga albamu, anamwimbia ndugu yake baada ya baba yao kufariki, akimsihi asijifungie na majonzi. Ni pole ya msibani iliyogeuzwa ngoma. Sijasikia wengi wakithubutu hivyo.

Maneno mengi hayasikiki vizuri, sauti zimezamishwa ndani ya muziki. Mpenzi wa mashairi ya taarab atanuna. Mwisho wa “Daily Routine” nao umevutwa mno.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na “Guys Eyes”, ambayo huwa naruka.