Zawadi ya Krismasi Malindi: kifurushi cha chakula au M-Pesa?

Familia ya wamishonari inayohudumia kaya 30 vijijini Malindi huwa na njia mbili.

Kifurushi ni kazi. Kila kaya ikipewa pakiti 4 za unga za kilo 2, zinahitajika pakiti 120, yaani mabelo 10 ya pakiti 12. Ongeza maharagwe kilo 2, mafuta lita 1, sukari kilo 1 na mche wa sabuni. Sabuni ifungwe kando: ikilala na unga mfuko mmoja, unga unanuka, na ugali wake hauliki. Mabelo yapandishwe juu ya mbao, maana sakafu ya saruji hupitisha unyevu na unga ukashika ukungu. Tena mvua za vuli zikichelewa kuisha, barabara ya udongo hukwamisha gari.

M-Pesa haina mzigo, na mama hujinunulia anachotaka: mchele, nazi, kuku wa sikukuu. (Nani anataka ugali siku ya Krismasi?) Mtumaji aongeze ada ya kutolea, la sivyo zawadi inapungua. Shida ni wazee wasio na laini. Pesa hupitia simu ya mjukuu na pengine haziwafikii. Hakikisheni jina na nambari mbele ya mwenyewe, siku kadhaa kabla.

Sisi tungetuma pesa, na vifurushi tuwapelekee wazee hao mlangoni. Majirani Waislamu wenye shida wasiachwe, wala asilazimishwe mtu kuhudhuria ibada ndipo apewe.