Unanunua laptopu ya okazioni Goma? Uliza diski gani iko ndani, i7 itakuja nyuma

Nilienda Birere kutafutia mdogo wangu masini ya kusomea, nikapata moja safi kabisa, klaviye nzuri, kastika ka i7 (prosesa ya nguvu ya Intel) kanang'aa, mwenye butiki ananiambia "papa, hii iko SSD, inaruka tu". Nikatoa feza. Kufika nyumbani tunawasha, mama anateleka chai, chai inaiva, tunakunywa, masini bado inazungusha kale kaduara ka Windows. Kumbe ndani mulikuwa HDD, ile tunaitaka disiki diri, ya giga 500. Sijui kama mwenye butiki alinidanganya ama na yeye hakujua, lakini kosa lilikuwa langu, sikuangalia.

Basi muelewe kwanza tofauti. HDD iko na sahani zenye zinazunguka, kwa laptopu nyingi mara 5400 kwa dakika, na kichwa kinatembea juu yake kutafuta faili. SSD haina kitu chenye kinatembea, ni chipu tu. HDD ya laptopu inasoma kama mega 100 kwa segonde, SSD ya SATA (aina ya kawaida) inakaribia 550, NVMe (aina ya mbio zaidi) mara nyingi inapita 2000, ila hiyo hesabu si njo inakuumiza, yenye inakuumiza ni vifaili vidogo vidogo maelfu vyenye Windows inafungua wakati inawaka, kichwa cha HDD kinakimbia huku, kinarudi kule, kama mutu wa pikipiki anatafuta kliya. Njo maana i7 yenye HDD inashindwa na i3 ya zamani yenye SSD. Kwa kazi za kila siku, kweli inashindwa.

Sasa kuangalia, na uangalie palepale butikini masini ikiwa inawaka, usikubali "kuraa hakuna, rudi kesho". Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia Performance, gusa Disk 0, kwa Windows 10 za karibuni na 11 utaona imeandikwa SSD ama HDD. Kama Windows ni ya zamani kidogo na haionyeshi, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika dfrgui, itakuonyesha aina ya kila diski. Wa Linux: lsblk -d -o name,rota, ukiona 1 inazunguka, 0 haizunguki. MacBook Air zote za tangu mwisho wa 2010 ziko bila HDD, hapo usijisumbue.

Kama hauna paswadi, ingia BIOS, ile menyu inakuja mbele Windows iwake, ukiwasha tu bonyeza kitufe chake, kwa Dell ni F2, HP F10, usome jina la diski. Likianza na ST, ama HTS54, ama MQ01, hiyo karibu kila mara ni HDD. Ya Western Digital angalia vizuri: WDS ni SSD, WD yenye namba inafuata mara moja mara nyingi ni HDD, herufi moja tu njo inakuokoa.

Na kuko kahila kengine kenye mi ninapenda sana, ni ukubwa. Windows haionyeshi giga vile kiwanda kinahesabu, kwa hiyo ukiona 238 ni diski ya 256, karibu kila mara SSD. 476 ni 512, SSD pia. Ukiona 298 ama 465 anza kuwa na mashaka, ni 320 na 500, vipimo vya HDD, ijapokuwa SSD za 500 nazo ziko. Yangu ilikuwa 465, iliandikwa mbele ya macho yangu! Unaweza pia kuweka kiganja pembeni ya klaviye masini ikiwaka, HDD inatetemeka kidogo, inakwaruza, ila feni inaweza kukudanganya.

Haya, vile mi ninazipanga.

Ya kwanza, masini ya okazioni ya biro, zile Latitude, EliteBook, ThinkPad, yenye NVMe ya 256 ama zaidi. Ukiipata na batri inashika, usizunguke tena.

Ya pili, na hapa batu wengi watanikatalia, ni masini ileile nzuri yenye HDD, juu HDD njo silaha yako ya kuteremsha bei. Mwambie mwenye butiki "gra (kaka mukubwa), hii iko HDD, itabidi ninunue SSD", akishusha, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, inaingia palepale HDD ilitoka, tekinisiye anabadilisha kwa bisibisi.

Ya tatu ni SSD ya 128. Inakimbia, ila inajaa upesi, video za WhatsApp peke yake zitaimaliza.

Ya ine, HDD yenye utabakia nayo vilevile. Kwa kuandika Word tu itakusukuma, ila usiipakie kwa pikipiki ikiwa bado inawaka ndani ya mufuko, barabara zetu za mawe ya volkano hazina huruma na kile kichwa.

Ya mwisho kabisa ni ile mupya ndani ya karto, ndogo, nzuri, bei chini, yenye eMMC, chipu ya bei chini ya kuchunga faili, ya giga 32 ama 64. Muuzaji atakuambia ni SSD, hata Windows yenyewe inaweza kuandika hivyo, ila ukiona 29 ama 58 ujue ni eMMC, imechomelewa kwa kadi kubwa ya masini, hauwezi kuitoa, na Windows inaweza kukosa hata nafasi ya kujipandisha. Mi siwezi kumununulia mutu ninayemupenda.

Ila SSD nayo iko na ubaya wake, HDD mara zingine inalia kwanza mbele ya kufa, SSD inaweza kukatika siku moja tu bila kukuaga. Mdogo wangu tulimuwekea SSD, ile HDD ya zamani tukaiweka ndani ya kabuatiye (kasanduku) ka USB, njo yenye anachungiaka kopi ya TFC yake, ile kazi ya kumaliza masomo.